Tarumbeta Iliyorudi Peke Yake

Watu wa Hässelby, pembeni mwa Stockholm, walimfahamu kaka yangu Zephania kama yule Mwafrika mrefu anayesafisha mabehewa ya treni ya chini ya ardhi kule mwisho wa njia, anayevaa kofia ya sufi hata mwezi wa sita, majira ya joto, na ambaye akicheka hafungui mdomo. Alipofariki Novemba iliyopita, msimamizi wake wa kazi alisimama kanisani akasema marehemu alikuwa mtu wa kuaminika na mkimya. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Neno hilo lilinichoma kuliko kifo chenyewe. Mkimya! Zephania, ambaye kwetu Bukoba alfajiri ya Pasaka alikuwa akipanda kilima cha kanisa na kupuliza tarumbeta, na watu wa ng'ambo ya bonde, ambao hawakuwa hata wa dhehebu letu, wakaamka kuwasha moto.

Naandika ili wanaomkumbuka kama mfagiaji wajue alikuwa nani, na walio nyumbani wajue alikufa lini. Maana kwetu alikufa mwaka 1969.

Mwaka huo, mwezi wa sita, bendi ya tarumbeta ya usharika wetu ilialikwa kuzunguka makanisa ya Sweden. Zephania alikuwa tarumbeta ya kwanza. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Solomon, mtu mwema, mwenye nidhamu ya kijeshi, aliyewafanya wapige hatua barabarani hata wakienda kunywa chai. Walipofika Stockholm, kituo cha mwisho, wenyeji waliwagawana nyumba kwa nyumba. Zephania alipangiwa kwa mjane mmoja wa Sundbyberg, Bi Gunvor.

Bi Gunvor ndiye aliyegundua. Aliona mgeni wake analowesha mkate kwenye kahawa na kuumeza bila kutafuna. Taya lilikuwa limevimba tangu miji miwili nyuma, naye alikuwa amenyamaza kwa sababu tarumbeta ya kwanza haina mwingine wa kuishika. Jioni moja alipuliza tamasha zima huku damu ikimjaa mdomoni, na asubuhi yake Bi Gunvor akampeleka hospitali mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Madaktari wakasema usaha umeingia kwenye mfupa. Waling'oa meno ya mbele ya juu na ya chini, wakachonga taya, wakamfunga kichwa kwa bandeji, wakasema hasafiri popote.

Bendi ikapanda ndege bila yeye.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, la sivyo msomaji hataelewa. Katika bendi yetu, mpigaji akifa, tarumbeta yake huviringishwa kitambaa cheupe, hubebwa mdomo chini mbele ya jeneza, halafu hutundikwa mwaka mzima kanisani bila kuguswa. Hata watoto wa kwetu wanalijua hilo.

Sasa tarumbeta ya Zephania ilikuwa mali ya usharika. Mwalimu Solomon hakuweza kuiacha Ulaya kando ya kitanda cha mgonjwa. Bi Gunvor, kwa wema wake, aliona chombo kizuri namna ile kitagongwagongwa njiani, akakiviringisha kwenye shuka lake jeupe lililotariziwa pembeni. Mwalimu Solomon alisafiri na furushi hilo. Kwenye lori la kutoka Bukoba mjini alilipakata, mdomo chini, lisipate kubonyea. Hakuwaza. Alikuwa amechoka na safari, na mawazo yake yalikuwa kufikisha mali ya kanisa salama.

Wanawake waliokuwa sokoni waliliona lori. Waliona vijana wameshuka, wakahesabu kwa macho, hawakumwona Zephania. Kisha wakaona lile shuka. Yowe likaanza pale pale, likafika nyumbani kwetu kabla ya lori.

Mimi nilikuwa likizo ya shule. Nilimkuta mama yetu, Eseza, amekaa chini uani, kilemba kimedondoka. Mwalimu Solomon amechuchumaa mbele yake anatokwa jasho.

"Ma Eseza, nisikilize. Zephania hajafa. Ni mgonjwa tu. Amelazwa."

"Amelazwa," mama akasema.

"Ndiyo, amelazwa. Anaendelea vizuri."

"Baba yake pia mliniambia amelazwa, anaendelea vizuri. Nikafika nikamkuta amefunikwa."

Na hiyo ndiyo lugha yetu. Nani kwetu huambiwa ghafla kwamba mtu wake amekufa? Huambiwa ni mgonjwa, huambiwa kazidiwa, huambiwa njoo mara moja, ili moyo usipasuke njiani. Mwalimu Solomon alisema kweli tupu, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa lile lile tunalotumia kufichia kifo. Alipoona mama haamini, akaenda kumwita mchungaji aje athibitishe.

"Na mchungaji mmemleta!" mama akapiga yowe.

Matanga yalikaliwa. Mchungaji alikataa kuongoza ibada, lakini nani angewafukuza watu waliokwisha kufika na ndizi zao? Mama alinyoa nywele.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua ya Zephania, na ndani yake picha, ili mama aone kwa macho. Bi Gunvor ndiye aliyeipiga hospitalini. Kaka amelala chali juu ya mto mweupe, macho ameyafumba kwa sababu ya mwanga, na bandeji imepita chini ya kidevu na kufungwa juu ya utosi. Anayemjua maiti anajua taya lake hufungwa hivyo hivyo. Mama aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akasema, "Wamemtengeneza vizuri. Wazungu wana heshima." Akaihifadhi ndani ya Biblia yake.

Mimi niliamini yu hai, kwa sababu niliujua mwandiko wake. Lakini mama hakujua kusoma. Barua kwake ilikuwa sauti ya yule anayeisoma.

Nilipomaliza kidato cha nne, kanisa lilinipatia nafasi ya kujifunza utunzaji wa wazee Stockholm. Ilikuwa mwaka 1971. Mama alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono.

"Huko ulifikie kaburi la kaka yako. Uniletee udongo, hata wa kujaa kiganja."

Nilisema, "Mama, Zephania yu hai."

"Sawa, mwanangu," akasema kwa upole, kama mtu anayempunguzia mzigo mwenzake asiyeweza kuubeba. "Udongo usiusahau."

Zephania alinipokea stesheni kuu. Alikuwa amekonda na ametiwa meno ya bandia, na usemi wake ulikuwa umebadilika. Kila neno lenye "s" lilitoka na kimluzi. Kwa nini hakuwa amerudi nyumbani? Walimfungua na kumfunga taya mara tatu. Kila walipomruhusu, usaha ulirudi. Halafu ilibidi angoje meno. Ndani ya muda huo alipata kazi ya mabehewa na chumba Hässelby, na yeye mwenyewe alikuwa na sababu yake, ambayo aliitamka kwenye treni tukielekea kwake.

"Nitarudi nikiweza kupuliza. Sitaki Mama aone pengo kabla hajasikia tarumbeta. Hajambo lakini?"

"Hajambo."

"Barua zangu anasomewa?"

"Anasomewa."

"Anasemaje?"

Nilitazama dirishani. "Anasema siku hizi Mwalimu Solomon anatunga barua nzuri."

Hakuelewa. Tulipofika ndani na nimekwisha vua koti, ndipo nilipomweleza yote, shuka, lori, matanga, nywele, picha. Mwisho nikamwambia agizo la udongo. Alicheka. Alicheka kwa mdomo wazi mpaka meno yakamtoka, akayashika mkononi, na nikaona kwamba halii wala hacheki, ni kitu cha katikati.

"Basi nipe koleo nichimbe hapo nje," alisema. "Mimi mwenyewe nitaujaza kwenye chupa."

Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu: mama ajue kabla hajafa kwamba mwanawe yu hai. Barua zimeshindwa, picha imeshindwa, maneno yangu yameshindwa. Lakini kupuliza kwake mama alikujua. Angeweza kuwa shambani akasema, huyo ni Zephania, huyo sasa ni mwingine. Kwa hiyo atapuliza wimbo wa alfajiri ya Pasaka kwenye kanda, na kanda itapelekwa nyumbani.

Bi Gunvor alimwazimia tarumbeta kutoka kwa bendi ya wafanyakazi wastaafu wa Sundbyberg. Katika majengo ya ghorofa ya hapa huwezi kupuliza tarumbeta. Jirani atabisha hodi kwa adabu, na mara ya pili hatabisha, ataita mwenye nyumba. Kaka akagundua chumba cha kufulia cha jengo, chini kabisa, chenye milango ya chuma. Kila familia huandikisha zamu yake ya kufua. Alijiandikisha zamu za Jumamosi mchana, akatia shati moja kwenye mashine ili asiwe mwongo, akapuliza.

Aliyekuwa akija kumsikiliza ni Aloysius, Mganda, Mkatoliki aliyekimbia nchi yake na kuangukia kazi ya dobi hospitalini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, lakini moyo wake ulikuwa wa ndugu; wanaume aliwaita ssebo na mimi nnyabo, bwana na bibi kwa Kiganda.

"Ssebo," alisema siku ya kwanza, "hiyo ni tarumbeta ama ni mbuzi anazaa?"

"Subiri azae basi," Zephania akajibu.

"Mimi nasubiri. Lakini huyo mbuzi anateseka."

Kilichokuwa kigumu ni hiki: mpigaji hushikilia kile kikombe kidogo cha kupulizia kwa midomo, na midomo hushikiliwa na meno. Meno ya kuvaa hayashikilii. Yanacheza. Ilimbidi ajifunze upya, kwa pembe ya mdomo, kama mtu aliyekatwa mkono wa kulia anayejifunza kuandika kwa wa kushoto. Midomo ilipasuka, ikapona, ikapasuka. Baridi ya kwanza ikapita, na ya pili. Kufikia mwaka 1973 wimbo ulitoka wote, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Haikuwa sauti ile ya zamani. Ile ilikuwa pana; hii ilikuwa nyembamba na safi, kama uzi. Mimi niliipenda. Aloysius alijipangusa macho akasema mbuzi amezaa mapacha.

Tulirekodi katika chumba kile kile cha kufulia. Baada ya wimbo alisema, "Mama, ni mimi Zephania. Sijafa. Nitakuja."

Kanda ilimfikia Mwalimu Solomon, ambaye sasa alikuwa mtu aliyebeba msalaba wa lile shuka kila siku. Alichukua mashine ya kanda ya mchungaji, akampelekea mama, na akawa mwerevu, akaazima mashine ya pili, akarekodi kwenye kanda nyingine wakati mama anasikiliza. Kanda hiyo nyingine ikatujia sisi. Tuliisikiliza jikoni kwa Zephania, sisi watatu, sufuria ya chai katikati.

Kulikuwa na jogoo, kisha sauti ya Mwalimu Solomon: "Umemsikia, Ma Eseza? Ndiye huyo."

Kisha mama, karibu sana, kana kwamba yuko mlangoni.

"Huyu kijana anapiga vizuri. Mshukuruni."

"Ni Zephania, Ma Eseza!"

"Mwalimu, we mtu mzima. Mimi sijui kupuliza kwa mwanangu? Na huyu aliyesema, ana filimbi mdomoni. Zephania hakuwa na filimbi."

"Ni meno. Ametiwa meno."

"Na tarumbeta yake iko wapi?"

"Iko kanisani," Mwalimu Solomon akasema.

"Iko kanisani. Basi huyu anapiga ya nani?" Tukamsikia akijikokota kuinuka. "Mmehangaika sana kwa ajili yangu. Mungu awalipe. Sasa niacheni."

Kanda ikaendelea kuzunguka na jogoo wake. Zephania aliizima kwa kidole kimoja, polepole. Aloysius, mtu wa maneno, akamimina chai.

"Nitakwenda mwenyewe," kaka akasema. "Atanishika mikono. Hawezi kuniambia mikono nimeazima."

Aliomba likizo. Likizo ilikubaliwa kuanzia wiki ya Pasaka, mwaka 1974. Alinunua sanduku, akamnunulia mama koti la sufi la rangi ya kahawia ambalo kwetu Bukoba lingemfaa asubuhi za mvua. Hakuwa amewahi kuwa mchangamfu namna ile tangu nifike Sweden. Alikuwa akipiga mluzi kwenye mabehewa.

Mwishoni mwa Januari ilikuja telegramu kutoka usharikani: MAMA MGONJWA SANA NJOONI UPESI.

Zephania aliisoma amesimama, akanipa. Niliisoma. Tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia mwenzake. Mgonjwa sana, njooni upesi. Sisi si watoto wa kwetu? Nilianguka kwenye kiti nikalia, naye akavua kofia yake ya sufi akaiweka mezani.

Habari ilisambaa. Walikuja Watanzania wa Bredäng, wakaja Waganda, Wakatoliki kwa Walutheri, na jamaa wawili Waislamu waliokuwa wakisoma ufundi. Kila aliyeingia alionyeshwa telegramu, akaisoma, akatikisa kichwa, akasema pole. Hakuna hata mmoja, msomi wala dobi, aliyesema, "Huenda ni mgonjwa kweli." Aloysius alileta kuku. Tuliimba, tuliomba, tulimkabidhi mama mikononi mwa Bwana. Jirani wa chini alibisha hodi kwa adabu. Alipoelezwa alirudi na keki.

Mtu mmoja alimwuliza Zephania kama ataondoka kesho.

"Kwenda wapi?" akajibu. "Wamekwisha mzika. Nitakwenda Pasaka kama ilivyopangwa, nikaweke msalaba."

Likawa jambo la busara. Tukamwandikia Mwalimu Solomon kwamba tumepokea habari, tumeomboleza, tutafika Pasaka.

Mama yetu alikuwa hai.

Alikuwa hai Januari yote na Februari yote. Alikuwa na homa ya mapafu, akapata nafuu, ikarudi. Barua yetu ilifika Machi, ikasomwa na Mwalimu Solomon peke yake, amekaa kwenye benchi la kanisa, na yeye baadaye aliniandikia kwamba alitamani ardhi immeze. Alikimbilia posta. Telegramu ya pili tuliipata siku ya Alhamisi: MAMA ALIKUWA HAI. AMEFARIKI JANA.

Sijui kama kuna telegramu nyingine duniani iliyoandikwa hivyo.

Habari kamili ilikuja baadaye. Katika majuma yale mama alikuwa ameanza kulegeza msimamo wake. Msichana aliyemuuguza ndiye aliyesimulia: mama aliomba ile kanda apigiwe tena, akasikiliza mara nyingi. Akasema, "Mwalimu amempelekea habari kwamba naumwa?" Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Basi tutajua. Mwana hai akisikia mama yake anaumwa, anakuja." Akaagiza kitanda chake kisogezwe kielekee mlango. Akangoja. Siku za mwisho akasema kigeuzwe tena kielekee ukuta, kwa kuwa sasa amejua.

Nilimwambia Zephania habari hiyo. Wengine wananilaumu kwa kumwambia, lakini nimechoka na kufichana.

Hakwenda Pasaka. Lile koti la kahawia alimpa Bi Gunvor, ambaye alilivaa kwa fahari bila kujua lilikuwa la nani. Tarumbeta aliirudisha Sundbyberg. Zamu zake za Jumamosi kwenye chumba cha kufulia zikaenda kwa watu wengine. Miaka mitatu iliyobaki alifanya kazi, alikuja kanisani, alikaa nyuma, na nyimbo zilipoimbwa alifungua kitabu na kufunga mdomo. Ugonjwa wa taya ulimrudia mwaka jana, na safari hii madaktari hawakusema ni usaha. Alilala hospitali wiki chache. Siku moja asubuhi aliniambia, kwa kimluzi chake, "Jerioth, ukiwaandikia usiwaambie naumwa." Hilo ndilo agizo lake.

Alipofariki nilikwenda posta mwenyewe. Nilituma: ZEPHANIA AMEKUFA. Mfanyakazi wa posta aliniuliza kama ni hayo tu. Nikamwambia ni hayo tu.

Hapa maiti hungoja majuma kabla ya kuzikwa, na waliniuliza kwa upole kama nataka achomwe. Nikakataa. Aloysius alikaa nami kila jioni na rozari yake, mimi na Biblia yangu, hatukugombana. Katika kungoja huko jibu la Mwalimu Solomon lilifika. Nilikuwa nimemwomba, kama wanaweza, waitundike tarumbeta ya Zephania kanisani mwaka mmoja, kwa kitambaa cheupe, maana sasa ndiyo haki yake. Alijibu kwamba wazee wa bendi wamekaa. Tarumbeta inatumiwa na kijana mwingine, na Krismasi imekaribia. Tena wazee wanasema tarumbeta haifungwi kitambaa mara mbili kwa mtu mmoja. Wanaomba radhi. Ndugu zetu, aliandika, wamepokea msiba kwa utulivu.

Kwa utulivu! Walikuwa wamekwisha kumlia.

Tulimzika Desemba, katika makaburi ya upande huu wa mji. Kinanda, mchungaji mwenye haraka ya heshima, yule msimamizi na neno lake "mkimya", watu wetu kama thelathini wanaotetemeka. Ardhi ilikuwa imeganda juu. Walikuwa wameipasua kwa mashine. Watu walipokwisha kuondoka, Aloysius alibaki ananishikia mwavuli.

Nilipiga magoti nikachukua udongo. Ulikuwa mgumu kama mawe, ikabidi niuvunje kwa kisigino cha kiatu. Nilijaza kiganja kimoja, nikautia kwenye chupa ya jemu niliyokuwa nimekuja nayo mfukoni.

"Wa nani huo, nnyabo?" Aloysius akauliza.

"Wa Mama. Aliniagiza."

Alinisogezea mwavuli. Alijua mama yuko wapi.

Chupa iko dirishani kwangu ninapoandika. Udongo umeyeyuka, umekuwa mweusi, umetoa maji kidogo. Mwezi wa saba nina likizo. Nimewaandikia kwamba ninakuja, na siku gani, na kwamba mimi ni mzima.